Mchambuzi wa Madume

26 Februari

Mvua ya kwanza imeshuka alfajiri ya leo, na mabwawa yamepata maji ya kufika kiunoni. Mkaguzi wa nembo yetu ya ufugaji hai ameagiza kila mfugaji awe na daftari: umetia nini majini, kiasi gani, siku gani. Langu linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, na limeandikwa kwa adabu zake zote. Hili la pili ni langu mwenyewe. Humu nitasema ninavyotaka.

Nieleze kidogo, ili nikifa atakayelifungua asihangaike. Sisi ni nyumba saba, mabwawa saba, kikundi kimoja cha ufugaji hai. Hatutii mbolea ya dukani wala dawa. Mshona viatu, ambaye bwawa lake linapakana na langu, anauliza samaki hai wakishakaangwa waitweje. Anajiona mcheshi sana.

Ugumu wetu hasa ni homoni. Perege jike na dume wakikaa bwawa moja, kabla hawajafika ukubwa wa kiganja wameshazaana. Bwawa linajaa vitoto, chakula hakitoshi, na mwisho wa msimu unavua samaki wa kidole. Vituo vikubwa huwalisha vifaranga homoni, wote wakageuka madume, kazi ikaisha. Nembo yetu inakataza. Kwa hiyo tunachambua kwa mkono, kifaranga kimoja kimoja, madume yaende mabwawani na majike yaende kwa kuku. Mkono wenyewe ni wangu. Mwaka wa ishirini na mbili sasa, na ndiyo maana wananiita Fundi. Misimu miwili iliyopita hakikuonekana kitoto hata kimoja katika mabwawa yote saba. Mkaguzi mwenyewe alinishika mkono akautikisa.

Tatizo ni kwamba mafuriko yalitubebea samaki misimu yote hiyo miwili, na mpishi mkuu wa hoteli, mteja wetu, tulimwacha mikono mitupu. Safari hii tumemwahidi samaki wa robo kilo mwisho wa Julai. Amesema akikosa tena asisikie habari zetu. Mwenyekiti wetu, mama asiyerudia neno, amesema tukishindwa kikundi kinavunjwa na kila mtu ashike lake. Mimi sina jingine la kushika. Hii ndiyo kazi pekee ninayoijua.

1 Machi

Ugomvi na Polepole. Huyu ni mdogo wake mke wangu, mtu wa miaka arobaini na mitatu anayetembea kama amebebeshwa mayai. Nilimwagiza asimike nguzo za wavu wa kuzuia ndege. Nimekwenda kutazama, nguzo zote zimepinda katikati.

"Shemeji, ulikuwa umelala?"

"Zimenyooka, shemeji. Kamba hii hapa, nimepima."

"Basi na kamba imepinda."

Alinitazama muda mrefu, kisha akaanza kuzing'oa. Jioni kazisimika upya. Zimepinda vilevile.

2 Machi

Bado zimepinda. Nimenyamaza, nisije nikaua mtu.

5 Machi

Kipimo cha maji. Unazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Usipokiona kiganja chako, maji yameshika ukijani, yana chakula cha kutosha. Sikukiona. Nikamwambia mke wangu samadi inatosha, tusiongeze.

"Maji ni meupe, baba watoto. Mimi naona mpaka pete yako."

Wanawake wanapenda kubisha tu. Samadi haikuongezwa. Mistari ya daftari hili nayo inayumba kama imechorwa na mlevi. Viwanda vya siku hizi havina haya.

11 Machi

Uchambuzi umeanza. Vifaranga elfu nane na kitu, siku nne za kazi. Unamshika samaki tumbo juu, unatazama nyuma ya tundu la haja. Dume ana kijinundu kilichochongoka. Jike kijinundu chake ni butu, na kina mkato mdogo katikati kama wa ukucha. Wanaoanza kazi hupaka unga wa mkaa ili mkato uonekane. Mimi sijawahi kupaka mkaa, na leo sikupaka.

Polepole kazi yake ni kuchukua madume yangu na kuyaosha kwenye maji ya chumvi nyuma ya stoo. Anakaa huko mpaka unasahau kwamba yupo. Vifaranga vya leo vimejaza bwawa la Mwenyekiti na bwawa la mshona viatu.

12 Machi

Saa nne asubuhi nilihitaji beseni. Nikaita, hakuja mtu. Nikazunguka nyuma ya stoo mwenyewe. Polepole amechuchumaa juani, ana unga wa mkaa kwenye kifuniko cha kopo, amemgeuza kifaranga wangu tumbo juu na anamkagua. Wangu! Niliyekwisha kumpitisha! Pembeni yake ndoo ndogo, na ndani ya ndoo samaki wanaruka, wengi tu.

"Unafanya nini?"

Alikuwa na uso wa mtu aliyefumaniwa.

"Unachambua nyuma yangu? Wewe?"

"Natazama tu, shemeji."

"Unawapeleka wapi hao wa kwenye ndoo?"

Akaivuta ndoo karibu naye. Nikajua. Anaiba madume, anakwenda kuyauza pembeni, na mkaa ni geresha. Nikaipiga ndoo teke. Nikamwambia maneno ambayo hata humu siyaandiki. Nikamwambia aondoke shambani kwangu, na dada yake atamwona huko huko nje, piga ua hatakanyaga tena kingo za mabwawa haya.

Alinawa mikono. Akakunja shati. Akasema, "Basi paka mkaa, shemeji. Tafadhali." Akaenda zake, kwa mwendo wake uleule.

Mke wangu hajala.

13 Machi

Nimechambua peke yangu. Mke wangu anabeba mabeseni kama abebaye jeneza.

14 Machi

Tumemaliza. Mabwawa yote saba yamepandwa. Sikupaka mkaa.

30 Machi

Mvua siku kumi mfululizo. Pumba imeota ukungu, tumemwaga. Tunawalisha funza wa kufuga na magugu ya majini. Ndege wanne wala samaki, aina ya mnandi, wamekaa juu ya nguzo zilizopinda, wameshiba, wananitazama.

16 Aprili

Tumevuta wavu kupima. Hawajakua. Mke wangu ametia samadi bila kuniuliza, na nimejitia sijaona.

17 Aprili

Mvua.

18 Aprili

Mvua.

6 Mei

Mke wangu ameniita kwenye ukingo. "Tazama hapo penye majani." Nikatazama, nikasema naona. Sikuona kitu. Akachota kwa kichujio cha chai akanimwagia kiganjani, na hapo nikahisi: vitu vidogo vinachezacheza, kama punje zilizo hai.

Vitoto. Bwawa langu lina vitoto.

Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka mvua ikanifukuza. Lazima majike wameingia kwa mlango wa maji kutoka mtoni. Mmoja tu akipenya inatosha.

9 Mei

Mlango wa maji umekaguliwa. Wavu mzima, hauna tundu.

11 Mei

Mabwawa matano yana vitoto. Matano kati ya saba! Vitoto vinakula chakula chote na wakubwa wamedumaa. Mawili tu ni safi, la Mwenyekiti na la mshona viatu.

Nimewaza kutwa nzima, na sasa nimelipata. Yale mawili yalipandwa siku ya kwanza, Polepole akiwa bado kazini. Matano yalipandwa baada ya mimi kumfukuza. Hesabu gani tena inatakiwa? Kumbe ile ndoo yake ilikuwa ya majike. Alikuwa na kisasi. Akapita akatumbukiza. Kumi tu kwa kila bwawa, na kazi ya kikundi kizima imekwisha.

Nimemwambia mke wangu. Akasema, "Mdogo wangu hawezi." Nikamwambia kila mwizi ana dada.

12 Mei

Mke wangu amehamishia mto wake chumba cha pili.

20 Mei

Nimelisema mbele ya kikundi. Nimelitaja jina, nimelitaja kosa, nimeeleza siku moja baada ya nyingine. Watu wakaguna. Mwenyekiti peke yake hakuguna. Aliniuliza, "Fundi, siku ya kwanza nani aliyashika madume mara ya mwisho kabla hayajaja kwangu?"

"Polepole."

"Na siku zilizofuata?"

"Mimi."

"Haya," akasema, akafunga kikao. Sijui alitaka nini.

30 Mei

Siku tatu bila jua. Leo kunapambazuka samaki wote wako juu, midomo nje ya maji, wanatweta. Mabwawa matano yamejaa kupita kiasi na pumzi imekwisha majini. Kwa wengine ungetia dawa. Sisi tunapiga maji kwa mikono, kwa mabeseni, kwa matawi, ili hewa iingie.

Tulikuwa watu sita kwa mabwawa matano, hatukutosha. Mara nikasikia mtu anapiga maji upande wa pili wa bwawa langu, mapigo ya taratibu, yasiyobadilika. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Hakuna mwingine anayefanya hata dharura taratibu.

Alipiga maji kwa muda wa saa nne nzima. Nilijisemea amekuja kufurahia kazi yake. Lakini mtu anayefurahia hatoki malengelenge mikononi. Jua lilipotoboa mawingu akatoka majini, akamsalimia dada yake na kuondoka. Mimi hakunisalimia, wala sikumpa nafasi.

Tumepoteza samaki mia tatu. Tumewafukia nyuma ya stoo.

4 Juni

Watatu katika kikundi wamekwenda kuuliza bei ya vifaranga vya homoni. Hawakujificha hata kidogo. Mmoja alinipigia honi.

15 Juni

Leo nitaandika yote, hata kama mistari haitaki.

Mwenyekiti alituita uani kwake, chini ya paa la bati. Nyumba zote saba. Na Polepole alikuwepo, amekaa pembeni kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti. Nikajua leo atajibu mashtaka. Nilikuja na shati safi.

Mwenyekiti alimwuliza swali moja tu. "Ulitia majike katika mabwawa ya watu?"

"Hapana, mama."

"Haya." Akageuka. Akaliburuta beseni lililofunikwa gunia mpaka miguuni pangu. "Fundi, humu mna perege ishirini. Tuchambulie. Madume kulia, majike kushoto."

Nilicheka. Nilisema sijaja kufanya mtihani wa watoto. Hakuna aliyecheka. Mshona viatu, mtu wa mizaha, alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikaketi. Nikamshika wa kwanza, tumbo juu.

Niandike hapa, kwa kuwa pale sikusema: nilijua. Sikujua leo, nilijua tangu mwaka juzi. Nikimtazama samaki ninauona mkia, ninaviona vidole vyangu, ninaliona beseni. Ila pale ninapotaka kupaona, pale pale, pana doa. Nikilisogeza jicho, doa linasogea nalo. Chochote ninachokikazia macho kinatoweka. Nguzo hupinda zikifika hapo. Sura za watu huyeyuka. Mke wangu simwoni uso mpaka nimtazame sikio. Nikajiambia ni uchovu, ni jua, ni vumbi la pumba. Nikawa nachambua kwa unene wa tumbo na uzito wa kiganja, na kwa kiburi cha miaka ishirini na mbili. Na kwa kuwa hakikuonekana kitoto hata kimoja, nikasema basi, mkono unajua usichokiona jicho.

Nikawachambua ishirini wote. Haraka, kwa madaha, kama zamani. Kumi na mbili kulia, wanane kushoto.

Mwenyekiti akachukua kisu. Akaanza na wa kulia, madume yangu. Akapasua wa kwanza, akaweka mezani. Wa pili. Wa tatu akamfungua, na mayai yakamwagika juu ya ubao, ya manjano, hata mimi niliyaona. Akaendelea bila kusema kitu. Mayai. Mayai. Madume yangu kumi na mawili, saba yalikuwa na mayai. Mtu aliyefumba macho na kubahatisha angefanya vizuri kuliko mimi.

Mvua ikazidi juu ya bati.

Kisha Polepole akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Hapa chini ya bati mwanga ni hafifu. Hata mimi ningekosea."

Mimi niliyemwita mwizi mbele ya watu hawa hawa! Yeye ananitafutia mwanga!

"Sema, mwanangu," Mwenyekiti akamwambia. "Inatosha."

Akasema. Misimu miwili. Aligundua nilipoanza kukosea, hakuwa na moyo wa kuniambia, akawa anapitia madume yangu nyuma ya stoo kwa unga wa mkaa na kuwatoa majike. Mwaka wa kwanza mmoja kati ya kumi. Mwaka wa pili watatu. Mwaka huu, siku ile niliyomfumania, karibu nusu.

Kwa hiyo misimu ile miwili bora ya maisha yangu, ile ya mkaguzi kunishika mkono, haikuwa yangu.

Mke wangu alisimama. Nilidhani ananijia mimi. Alimwendea mdogo wake. Sijawahi kumsikia akipaza sauti hivyo. "Ulijua miaka miwili? Ukaniona mimi kila siku, ukala kwangu, usiniambie? Angekwenda hospitali! Unamficha mtu ugonjwa wake, halafu unaita heshima?"

Polepole alisema, "Dada, alikuwa na furaha."

Sikungoja mvua ikatike. Nimerudi peke yangu, nikishika uzio.

16 Juni

Sikutoka.

17 Juni

Sikutoka.

24 Juni

Kliniki ya macho. Foleni ya benchi tatu. Muuguzi alinipa karatasi yenye mistari kama ya wavu akaniuliza naona nini. Nikamwambia wavu umetoboka katikati. Akaandika kitu, akaniitia daktari, daktari akanimulika mpaka machozi.

Nyuma ya jicho, pale katikati, pamechakaa, macho yote mawili. Miwani haitasaidia. Nikauliza upasuaji. Akasema hakuna cha kupasua.

Mke wangu akauliza swali ambalo mimi nisingeuliza. "Angekuja mwaka juzi, je?"

"Mwaka juzi tungejaribu kulizuia doa lisiendelee," daktari akasema. "Pengine lingesimama. Kilichopotea hakirudi, mama."

Njiani mke wangu alinishika mkono kwenye kuvuka barabara, na sikuuondoa.

2 Julai

Nimekwenda kwa Polepole. Anaishi chumba kimoja nyuma ya gereji, kitanda, jiko, na dirisha linalotazama ukuta. Nilikuwa nimepanga maneno. Yalinitoka yote mlangoni.

"Nisamehe, shemeji," nikasema. "Nilikukosea mbele ya watu."

"Yamekwisha, shemeji. Karibu ukae."

"Rudi. Wewe ndiye mchambuzi, siyo mimi. Nitawaambia wote."

Alikuwa anachemsha maji. Sikumwona uso, lakini nilisikia kijiko kimesimama.

"Nimepata kazi," akasema. "Kile kituo kikubwa cha vifaranga. Naanza mwezi ujao."

"Cha homoni?"

"Huko hakuna kuchambua, shemeji. Wote wanatoka madume. Hakuna anayekosea." Akanimiminia chai. "Mimi nimechoka kutazama kila samaki nikiwaza nani atalia."

Nilikunywa chai. Ningeweza kumlaumu kwamba amenificha, kwamba ukarimu wake umenila macho. Ningeweza, na nina haki. Lakini mtu yule alichuchumaa juani misimu miwili ili mimi niendelee kuitwa Fundi, na asante yake ilikuwa teke. Nimechoka kuwa na haki.

11 Julai

Wanne wamejitoa kikundini. Hawakuja kuaga. Mmoja ameshamwaga maji ya bwawa lake aanze upya na vifaranga vya kituo.

20 Julai

Mpishi mkuu alikuja mwenyewe. Tulimvulia kwenye bwawa langu. Akaweka samaki mmoja kwenye kiganja, akamlinganisha na kidole chake cha kati, kidole kikashinda. Alikuwa mpole. Ningependelea atukane. Aliwachukua wa mabwawa mawili safi, akashukuru, akasema hiyo ni ya kufungia hesabu, asitegemewe tena.

Mshona viatu alitaka kufanya mzaha, akaanza, akauacha njiani.

27 Julai

Tunamwaga maji ya bwawa. Siwezi kuan

29 Julai

Mwandiko huu si wake. Mimi ni mkewe. Juzi alishindwa kumaliza sentensi, kalamu ikatoka nje ya karatasi ikaendelea juu ya meza. Leo ameniomba nimwandikie. Tumekaa barazani, ni adhuhuri, jua kali, yeye anasema na mimi naandika.

Amesema niandike kwamba bwawa limekauka, kwamba tumetoa ndoo arobaini za samaki wasiofika kidole na tumewapa wenye kuku. Nimeandika. Amesema niandike kwamba Mwenyekiti amerudisha nembo kwa mkaguzi na kwamba kikundi hakipo. Nimeandika. Amesema niandike kwamba mdogo wangu hakuwa mwizi, na niandike kwa herufi kubwa. HAKUWA MWIZI.

Halafu akainua uso kama mtu anayesikia mvua inakuja. Akasema, "Andika hivi."

Akaanza. Msimu ujao atachambua kwa kidole. Amejaribu kwenye samaki wa mwisho, ncha ya kidole inausikia mkato. Amesema Mwenyekiti ataelewa akimweleza vizuri, na wale wanne watarudi wakiona, mpishi naye atarudi. Polepole ataacha kazi ya kituo, atashika upande mmoja wa beseni na yeye atashika mwingine. Alipanga tarehe. Alihesabu vifaranga, elfu nane, akarudi akasema hapana, elfu tisa, wengine watakufa njiani. Alicheka mara moja. Tangu Machi sijamsikia akicheka kwa furaha.

Mimi ndiye niliyemletea wale samaki wa mwisho kwenye sinia. Nilikuwa nimewapasua kidogo penye kijinundu kwa ncha ya kisu, majike tu, ili kidole chake kipate mkato wa kukamata.

Alipokuwa akisema nilikuwa nachora mistari pembeni mwa karatasi, mistari mitupu, ili asikie kalamu inatembea.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Yote?"

"Yote, baba watoto."

"Hebu nisomee."

Nikamsomea. Kidole, Mwenyekiti, wale wanne, mpishi, Polepole, elfu tisa. Nilisoma bila kukwama, na karatasini hapakuwa na hata neno moja la hayo; haya nimeyajaza baadaye. Mwezi uliopita nilimfokea mdogo wangu mbele ya watu kwa jambo hili hili, na bado hatujaongea tangu siku ile. Nilidhani yeye alihitaji muda mrefu kuamua kuficha ukweli. Hapana. Ni kitu cha dakika moja, mwenzako akicheka.

Amesikiliza mpaka mwisho, ameitikia kwa kichwa, amesema ni sawa kabisa, hivyo hivyo, nisibadilishe kitu. Nimemwambia sijabadilisha kitu.